Sufuria la Nyumba Kumi

Niseme mapema, nisije nikaonekana najisafisha: kosa lilikuwa langu. Wapo waliotaka kumbebesha mama mmoja mgeni, na wapo waliosema ni zama zimeharibika, watu hawana adabu tena. Hapana. Kosa lilitoka kwenye mdomo huu huu wangu, ambao marehemu mama yangu alikuwa akisema Mungu aliuumba vizuri ila alisahau kuutilia kifuniko.

Wakati huo tulikaa Kihonda, nje kidogo ya mji, nyumba bado za kuhesabika na katikati yake watu wanalima mahindi. Mume wangu alifanya kazi kiwandani. Mimi nimezaliwa Mgeta, juu kabisa kwenye baridi, Mkatoliki mtoto wa Mkatoliki. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mluguru mwenzangu, lakini wa upande wa pili wa mlima, kule chini kunakostawi ndizi na machungwa, Mwislamu tangu kwa bibi zake. Ukoo wake na wangu ni watani. Kama hujui mtani ni nani, ni mtu anayeweza kukutukana mbele ya mkweo na wewe ukalazimika kucheka. Hatukuwahi kuitana majina. Ilikuwa "mtani" asubuhi, "mtani" jioni, na katikati matusi.

"Nyie wa Mgeta," aliniambia siku ya kwanza nilipohamia, hata vitu sijashusha, "mnaoga Krismasi na Pasaka tu kwa ajili ya baridi. Hapa kuna joto, mtani, utatuua kwa harufu."

Nikamjibu kwamba wa kwao jua limewapiga mpaka akili zikaiva zikaanguka. Akacheka, akashika upande mmoja wa kabati langu, tukaliingiza ndani. Ndivyo tulivyoanza.

Ijumaa Kuu, mimi nimefunga, nyama hainigusi, yeye alikuwa anatoa jiko nje anachoma mishikaki usawa wa dirisha langu na kunipepea moshi kwa ungo. Na mimi mwezi wa Ramadhani nilipita kwake saa nane mchana na kipande cha muwa mdomoni, namwuliza kama ana kiu. Jioni nampelekea magimbi ya Mgeta ya kufuturu. Waliotuona walidhani tunachukiana.

Sasa, sufuria.

Miaka ile ya foleni dukani hakukuwa na kitu. Sabuni kwa mgao, sukari kwa mgao, na sufuria hata usiulize. Ukitokea msiba tulipika kwenye vijisufuria sita au saba vya nyumba mbalimbali, na wa mwisho akipata ugali, wa kwanza ameshasikia njaa tena. Ni jirani yangu aliyekuja na wazo. Mjini, karibu na mto, palikuwa na fundi anayeyeyusha vyombo chakavu na kumimina masufuria. Akasema kila nyumba katika zile kumi za balozi wetu itoe chombo chake kilichokufa, tupate sufuria moja kubwa la wote, la harusi na la msiba.

Watu walitoa. Mimi nilitoa sufuria langu la ugali lililotoboka matako. Yeye alitoa mifuniko miwili na bakuli. Mwalimu wa madrasa, mzee mpole aliyekaa nyumba ya nne, alitoa birika lake la kutawadhia lililokuwa linavuja. Katekista wetu akatoa kinara cha mshumaa cha kigangoni kilichovunjika mguu. Dereva mmoja wa malori ya mboga akaleta pistoni za injini iliyomfia mlimani. Fundi alivitia vyote kwenye moto mmoja, nasi tumesimama tunaangalia vinavyolegea na kuingiliana mpaka huwezi kujua kipi cha nani. Tuliporudi nalo tukalipokezana kichwani njia nzima, zamu kwa zamu, tukiimba. Lilikuwa zito, jeusi kidogo upande mmoja, na kubwa kiasi cha kumwogeshea mtoto wa miaka saba. Mtani wangu akalibatiza, yeye Mwislamu, akaliita Bi Mkubwa.

Likakaa kwangu, kwa sababu stoo yangu ndiyo ilikuwa na mlango wa maana. Ufunguo nilifunga kwenye ncha ya kanga. Mume wangu akawa anawaambia wenzake kiwandani kwamba padre alimfungisha ndoa na mke mmoja, ila nyumbani kuna Bi Mkubwa na amefungiwa stoo.

Sheria yake ilikuwa moja na haikuandikwa popote: nguruwe haingii humo. Na kuku au mbuzi wa shughuli ya wote alichinjwa na mume wa jirani yangu. Asubuhi ya Pasaka alikuwa anakuja na kisu chake amekiviringisha kwenye gazeti, anabisha hodi. "Haya Wakristo, leteni huyo kuku, nyie mle na sisi tule." Hakuna aliyekaa akajadili. Chakula ambacho nusu ya mtaa hawawezi kukila ni chakula gani hicho?

Basi ikaja ruksa. Mipaka ikafunguliwa, maduka yakajaa. Ghafla unaona sabuni za rangi tatu, mitumba imemwagwa chini, na masufuria ya nje yanang'aa mpaka unajitazama uso. Na mimi nikaingia biashara. Nilikuwa napanda Mgeta kukusanya kabichi, karoti na njegere kwa ndugu zangu, tunashusha kwa kichwa zile njia za mteremko mpaka barabarani, lori linapeleka Dar es Salaam. Nilikuwa sikai nyumbani, na nikaanza kujiona mtu mkubwa.

Lakini ruksa ilileta na kelele. Walikuja wahubiri wa kila namna na spika zao, wanasimama uwanjani, leo hawa wanaisema dini ya wale, kesho wale wanarudisha. Watu walianza kutazamana. Kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo mama mmoja mwenye sauti nzuri ya kwaya akasema, "Jamani, masufuria siku hizi yamejaa dukani. Ya nini kung'ang'ana na lile kopo la zamani? Tununue letu, tupike tutakacho." Nilipomsimulia mtani wangu akacheka, akasema hata kwao mama mmoja kasema hivyo hivyo, karibu maneno yale yale. "Hao wawili," akasema, "ingefaa waoane."

Tulicheka sana siku ile. Hatukujua kwamba mimi ndiye nitakayewapa sababu.

Ilikuwa wiki moja kabla ya harusi ya binti wa jirani yangu, mtoto wake wa kwanza, niliyemwona akianza kutembea. Tulishapanga kila kitu. Mchele unatoka Turiani, mbuzi wapo, na wapishi wakuu ni wawili: yeye na mimi. Alikuwa amenitangazia tangu mwaka uliotangulia. "Pilau ya mwanangu utasimamia wewe, mtani. Nataka wakwe wajue kwamba hata Wakatoliki wanajua kupika."

Siku ile nilikuwa nimetoka mlimani nimefura. Mvua ilikuwa imekata barabara, lori limezama kwenye tope siku mbili, kabichi zangu zimeanza kunuka. Nimefika nyumbani miguu imejaa matope, hata kukaa sijakaa, hodi mlangoni. Mama mmoja mgeni, wa kanisani kwetu. Walikuwa wamehamia kutoka Songea, mumewe kapata kibarua kiwandani. Mama mdogo tu, mwenye adabu, anaongea taratibu.

"Shikamoo mama. Pole na safari. Mtoto wangu Jumapili anapokea Komunyo ya Kwanza. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye ufunguo wa sufuria la mtaa."

"Marahaba. Ndiyo."

"Nilitaka kuuliza, mama, lina masharti gani?"

Hapo ndipo. Mtu ameuliza vizuri, swali ambalo kila mgeni angepaswa kuuliza. Na mimi, kwa ajili ya kabichi, nikafungua mdomo.

"Masharti gani tena? Sufuria ni sufuria! Pika utakacho, pika hata mawe, mradi ulirudishe limesuguliwa!" Nikafungua ncha ya kanga nikamtupia ufunguo. Ukaanguka chini. Akainama akauokota, akasema, "Asante, mama."

Jumapili sikuwepo, nilirudi mlimani kufukuzana na mboga zangu. Jumatatu niliporudi nikalikuta sufuria stoo linang'aa kuliko siku lilipotoka kwa fundi. Nikaona aibu kidogo kwa nilivyomfokea, nikaenda kwake kumpa hongera ya mtoto. Alifurahi, akanikalisha, akaniletea sahani iliyofunikwa. "Nilikuwekea, mama."

Nyama ya kukaangwa, na kitunguu na ndimu. Nikatia kipande mdomoni. Ilikuwa tamu, Mungu anisamehe. Nikatia cha pili.

"Mbuzi huyu umemtia viungo gani?"

"Si mbuzi, mama. Ni kitimoto. Kwetu Komunyo bila nguruwe watoto wanasema hawajapokea. Lile sufuria lenu ni zuri jamani, aliingia mzima."

Nilikitema kile kipande mkononi. Yeye akadhani nimeuma mfupa.

Siwezi kueleza nilivyorudi nyumbani. Nakumbuka niliingia stoo nikafunga mlango na kukaa chini kulitazama lile sufuria. Safi. Hata harufu hakuna. Harusi Jumamosi. Anayejua ni mimi, na yule mama wa Songea asiyejua kwamba anajua kitu. Mume wangu nilipomweleza alivuta pumzi, akasema, "Limeoshwa au halijaoshwa?"

"Limeoshwa."

"Basi huo mdomo wako, kwa mara ya kwanza tangu nikuoe, ufanye kazi ya kukaa kimya."

Nilijaribu. Haki ya Mungu nilijaribu, siku nzima na nusu. Jirani yangu anakuja tunachagua mchele pamoja, ananitania, mimi nacheka kicheko cha kulazimisha. Nikimwona mama yake mzazi, bibi aliyehiji kwa jasho la mashamba yake ya machungwa, nawaza mkono ule utakavyoingia kwenye sahani ya pilau. Jumatano baada ya misa ya asubuhi nikamfuata padre uani, akiwa anafunga baiskeli yake mnyororo, nikamweleza yote kuanzia kabichi.

Alinisikiliza. Kisha akasema, "Sasa unataka nikuambie nini, mama? Mimi naweza kukuondolea dhambi. Sufuria siwezi."

"Nifanyeje, baba?"

"Waambie wenyewe. Leo, si kesho."

Mchana mtani wangu akaja kuchukua Bi Mkubwa. Alikuja anaimba, kanga mpya, na piko la harusi mikononi tayari. Nikamwambia akae. Nikamwambia kila kitu, na sikumtaja yule mama zaidi ya kusema kwamba aliniuliza na mimi sikumjibu. Nilitegemea atanitukana. Nilikuwa nataka anitukane. Kama angenipiga hata kofi ningeshukuru.

Aliutazama mlango wa stoo. Halafu akainuka, akajifunga kanga vizuri.

"Asante kwa kuniambia, mama," akasema.

Mama! Miaka yote ile ilikuwa mtani, mtani, mtani. Akanipita mlangoni kwa heshima, kama unavyompita mtu wa benki. Sikuwahi kujua kwamba heshima inaweza kuuma namna ile.

Alhamisi akafika mjomba wa bibi harusi. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto, baba unaweza kupiga kelele lakini neno la mwisho ni la mjomba. Huyu alikuwa mzee mrefu, mkavu, anayeongea kidogo. Alipoelezwa akaamua papo hapo, wala hakugomba. Masufuria yakakodiwe mjini. Na majirani Wakristo wasisumbuliwe na mapishi, waalikwe vizuri, wakaribishwe, wale na wote, washukuriwe.

Jioni nikaletewa kadi. Kadi ya harusi, na maua ya dhahabu pembeni, jina langu na la mume wangu kwa kalamu. Ndiyo ilikuwa fasheni mpya. Mume wangu akaigeuza akasema mbona nzuri. Nikamwambia aweke chini. Kadi! Mimi, niliyepakua chakula cha arobaini ya baba wa mtani wangu, niliyelala kwake mkeka mmoja alipoharibikiwa mimba, leo naletewa kadi kama meneja wa kiwanda! Wengine watasema kuna ubaya gani, umealikwa, utakula. Lakini mwanamke wa kwetu anajua. Mgeni anakaa kwenye kiti. Wa nyumbani yuko jikoni, macho mekundu kwa moshi. Nililia siku ile, na sikulia kwa siri.

Nikavaa viatu nikaenda nyumba ya nne kwa mwalimu wa madrasa. Alikuwa anapalilia mchicha.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama. Nimesikia. Mtaa mzima umesikia."

"Lile sufuria ndiyo limeharibika moja kwa moja?"

Akaacha jembe. "Nani kakuambia? Sufuria halijakufuru, mama. Limeingia uchafu tu, na uchafu una dawa yake. Kwa tulivyosomeshwa sisi, linaoshwa maji mara saba, na mojawapo ni kwa udongo safi. Basi. Baada ya hapo ni sufuria kama masufuria mengine."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, lakini si hivyo tu. Ukiliosha chumbani kwako umeosha sufuria. Ukiliosha mbele ya watu…" Hakumalizia, akarudi kwenye mchicha. Kisha akaniita nikiwa nimeshafika njiani. "Udongo njoo uchukue hapa kwangu. Hapa hapajapita mbwa wala nguruwe."

Ijumaa, watu wametoka msikitini, nikajitwika Bi Mkubwa kichwani nikaingia uani kwa jirani yangu bila kuitwa. Nyuma yangu yule mama wa Songea na karai la udongo. Nilikuwa nimemfuata asubuhi, nikamweleza, akaanza kulia kabla sijamaliza.

"Lakini mama, mimi niliuliza."

"Uliuliza, mwanangu. Mimi ndiye sikujibu."

Uani walikuwa wamejaa. Shangazi, wajukuu, wanawake wanachambua viungo, na pembeni masufuria ya kukodi manne, yanameta, yamepangwa. Mjomba kakaa kwenye kiti cha uvivu. Mwalimu wa madrasa kaingia nyuma yetu taratibu, kama aliyekuwa anapita tu. Jirani yangu simwoni.

"Shikamoo mjomba. Nimekuja kuosha sufuria lenu."

"Marahaba," akasema, macho yameniganda. Hakusema niondoke. Nikaona hiyo ni ruhusa.

Tukaanza kwa udongo. Niliumwagia maji ukawa uji, nikapiga magoti nikasugua kwa gunzi, chini, pembeni, ukingoni, kwenye masikio. Mama wa Songea akasuuza. "Moja," nikasema kwa sauti. Ya pili niliifanya haraka haraka, nina hasira na aibu, watu wote wanatazama mgongo wangu.

"Hiyo siihesabu," mjomba akasema kutoka kwenye kiti. "Ukingo wa kule maji hayajafika. Rudia."

Jamani! Damu ikanipanda. Nikataka kumwambia aje asugue yeye. Mwalimu wa madrasa akakohoa. Nikameza, nikarudia. "Mbili."

Ya tatu. Ya nne. Jasho linanitiririka, magoti yanauma. Nilipoinua uso kutafuta maji ya tano nikakuta ndoo imeshikwa na mikono yenye piko. Jirani yangu. Hakunitazama. Alimimina tu, taratibu, akizungusha, maji yafike kila mahali. Mimi nikasugua, yule mama akasuuza, tukawa watatu. Ya sita hivyo hivyo. Ya saba ikatoka maji meupe, mtu angeweza kunywa.

Mwalimu akainama akachungulia, akasema, "Limetahirika," akarudi pale aliposimama.

Mjomba akajikuna kidevu. "Sawa. Safi limekuwa safi. Lakini mimi nauliza, ya nini usumbufu wote huu? Masufuria yako mjini, ukitaka kumi, ukitaka ishirini. Zama za kugombea sufuria moja zimepita. Kila watu wawe na lao, hakuna atakayemkosea mwenzake."

Nilikuwa nimejiapiza nisifungue mdomo. Lakini ningefanyaje?

"Mjomba, neno lako nimelisikia. Kama ni kugawana, tugawane. Lakini leteni msumeno. Humu ndani mna sufuria langu la ugali, nalitaka. Mna kinara cha kigango, katekista anakitaka. Mna birika la mwalimu huyu alilotawadhia miaka na miaka. Mna mifuniko ya dada yako. Nionyeshe wapi linaanzia la Mkristo na wapi linaishia la Mwislamu, nikate mimi mwenyewe, hapa hapa, nichukue changu niende!"

Nikajua nimeharibu tena. Yule mama wa Songea ameshika karai kifuani kama ngao.

Mjomba akamgeukia mwalimu. "Birika lako limo humo?"

"Limo. Lilikuwa linavuja lakini nililipenda."

Mzee akainuka kwenye kile kiti, hatua moja moja, akaja akaingiza mkono ndani ya Bi Mkubwa, akapapasa sakafu yake yote kama anatafuta kitu kilichoanguka. Kisha akajipangusa kwenye kanzu. "Vya watu virudisheni mjini," akawaambia vijana, akionyesha masufuria ya kukodi. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu afike. Na akaingia ndani.

Nilipogeuka kumtafuta jirani yangu, alikuwa ameshaondoka na ndoo yake. Nikaufungua ufunguo wa stoo kwenye kanga, nikauacha ndani ya Bi Mkubwa, nikaenda zangu.

Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nilisimama chumbani na nguo mbili juu ya kitanda. Moja gauni la kitenge nililoshona kwa ajili ya shughuli, na ile kadi juu yake. Nyingine kanga yangu kuukuu ya jikoni, imeungua pindo. Sufuria limerudi, ndiyo. Lakini mimi je? Hakuna aliyesema neno. Nikivaa kanga na kuambiwa "mama, wewe kaa tu kwenye kiti", nitaficha wapi uso? Mume wangu alijifanya amelala. Nikajifunga kanga. Nikachukua mwiko wangu mrefu nikatoka.

Uani moshi umetanda. Bi Mkubwa amekaa juu ya mafiga matatu, maji hayajachemka. Jirani yangu amechuchumaa anapambana na kuni mbichi, anapuliza, mashavu yamevimba. Wanawake walioniona waliacha kumenya vitunguu. Mama wa Songea alikuwa ameshafika, kakaa katikati ya shangazi wawili, anatwanga vitunguu saumu, na shingoni kwake kwenye uzi kunaning'inia kitu ninachokijua. Ufunguo wangu wa stoo.

Nilisimama pale na mwiko wangu kama askari aliyepotea.

Jirani yangu akainua uso. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, kisha akarudi tena miguuni.

"Ufunguo unatafuta?" akasema. "Nimempa huyu. Yeye akitaka kufanya jambo huwa anauliza kwanza. Na hiyo kadi yako nimesikia ilikuliza, kumbe hata kusoma hujui. Imeandikwa saa saba mchana, wewe unakuja alfajiri na njaa yako. Hamchoki kula? Mla nguruwe wee, mchafu wa Mgeta, hata maji saba hayakutoshi, wewe tungekupa sabini! Unasimama hapo unaangalia nini, mtani? Huoni moto unazima?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikapiga magoti kando yake nikaanza kupuliza, na kama kuna aliyeniona machozi, basi ulikuwa moshi.